Paa, Choo na Karatasi: Historia Fupi ya Nyumba za Akina Mama Dar es Salaam



Kamati ya sherehe ilipogawa kazi za kijitabu hiki, wenzangu walipewa historia ya chama, picha, na hesabu za miaka kumi. Mimi nikaambiwa niandike juu ya nyumba. Sababu yake haijifichi. Ukifungua daftari letu la mikopo utaona kwamba baada ya ada za shule na mitaji ya biashara, pesa nyingi tulizokopeshana zimekwenda kwenye nyumba: mabati, saruji, shimo la choo, waya za umeme, fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa. Lakini nimeona nisianze na sisi. Adha hizi zina umri mrefu kuliko chama chetu, na akina mama wa mji huu walikuwa wakizibeba kabla mama zetu hawajazaliwa.

Tuanze na nyumba yenyewe, ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Wengi wetu tumezaliwa au tumelelewa humo na hatuoni ajabu yake. Mbele kuna baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaopita katikati mpaka mlango wa nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Ukitoka nyuma unaingia uani, penye jiko, bafu, choo, na kamba ya kuanikia nguo. Zamani kuta zake zilikuwa za miti na udongo. Miti mizuri ilikuwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka Rufiji, maana mchwa hawaipendi. Fito zilifungwa kwa kamba, udongo ukakandikwa, na mwenye uwezo alipiga lipu ya chokaa. Juu ni makuti.

Sasa tazama akili ya nyumba hii. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vitano anapangisha. Kila chumba kina mlango wake wa ukumbini, na choo na jiko ni vya pamoja. Mama aliyeachika, au mjane, au muuza vitumbua aliyecheza upatu miaka na miaka, akiweza kusimamisha nyumba moja ya namna hii, basi amepata pensheni yake. Wapangaji wanamlisha, na hana haja ya kurudi kwa kaka zake kuomba pa kulala. Pwani yetu jambo hili halikuwa geni, kwa kuwa sheria ya Kiislamu inamtambua mwanamke kuwa na mali yake mwenyewe ambayo mume haigusi bila ridhaa yake. Mwingereza J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka 1963, aliwakuta wenye nyumba wa Kariakoo na Ilala wakiishi hivyo hivyo: nyumba moja, mwenyewe ndani, na wapangaji pembeni yake. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kawaida wenye paa.

Na paa ndilo adha ya kwanza.

Makuti yana baridi nzuri, lakini baada ya miaka michache yanaoza na kuanza kudondosha. Kila kabla ya masika mwenye nyumba wa zamani alikuwa na kazi ya kununua makuti mapya, kumtafuta fundi, na kuziba palipooza. Tena palikuwa na hofu ya moto. Jiko la jirani likilipuka cheche, nyumba tatu zimekwenda. Ndipo watu wakaanza kutandaza madebe ya mafuta ya taa, kuyapiga nyundo yakawa bapa, na kuyapigilia juu. Debe halishiki moto lakini linashika kutu, na huu ni mji wa bahari, hewa yake ina chumvi. Baadaye yakaja mabati. Bati zuri linadumu, ila linaanza kuvuja pale pale fundi alipolitoboa. Nadhani kila mmoja wetu anaijua habari ya msumari uliopigwa mahali pasipo na papi chini yake: tundu linabaki, fundi anaondoka, na wewe unaweka beseni kitandani. Wataalamu wa ujenzi wanaweza kuandika vitabu juu ya mambo haya. Mama mwenye nyumba anayajua kwa sauti ya tone usiku.

Choo ndiyo adha ya pili, na sioni haja ya kuionea haya kwenye kijitabu cha watu wazima. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam maji yako karibu na juu. Unachimba futi chache unayakuta. Kwa hiyo shimo halishuki sana, na likishuka linajaa wakati wa mvua hata kama wapangaji ni wachache. Nyumba ya vyumba sita yenye familia sita inatumia shimo lililochimbwa kwa ajili ya watu wanane. Ndiyo maana tuna neno letu, kutapisha: linachimbwa shimo jingine pembeni, vijana wanaingia usiku, uchafu unahamishwa, na asubuhi hakuna anayeuliza. Wengine wanangoja mvua kubwa wafungue njia uchafu uende na maji kwa jirani wa bondeni. Huo ni uovu, na kipindupindu cha mji huu kimepita sana njia hiyo. Gari la kunyonya maji machafu lipo, lakini mitaa mingi haliingii, na likiingia bei yake ni kodi ya chumba ya zaidi ya mwezi. Hivi karibuni wanachama watano wa chama chetu walikopa pamoja ili wajenge mashimo ya matofali yenye mfuniko na bomba la hewa. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa kuliko mengi yatakayosomwa siku ya sherehe.

Mwenye ardhi nani?

Paa na choo ni vya kuonekana. Adha ya tatu haionekani, ila ndiyo iliyowatoa watu wengi kwenye nyumba zao. Ni karatasi.

Wajerumani waliamuru kodi ya nyumba mwaka 1897, na mwaka uliofuata ikaanza kudaiwa. Nyumba ikawa kitu cha kuhesabiwa. Kisha mji ukagawanywa, nasi mpaka leo tunasema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, liliwekwa kwenye uwanja wa eneo la Waafrika, na midomo yetu ikalifanya jina hilo Kariakoo. Mwaka 1923 ikatoka sheria ya ardhi iliyosema ardhi yote ni ya umma chini ya Gavana. Mtu anapewa haki ya kuitumia tu, na haki hiyo ilikuwa na daraja. Huko Uzunguni na Uhindini watu walipata hati za miaka mingi. Mwenye nyumba wa Kariakoo alilipia kiwanja chake kwa kibali cha muda mfupi.

Fikiri maana yake. Mama ana nyumba, lakini alichomiliki hasa ni miti, udongo na makuti. Ardhi iliyo chini yake si yake kwa muda wa kutosha kujenga tofali. Halafu wakubwa walikuja wakasema hawa Waswahili hawajui kujenga nyumba za kudumu! Nani atatia saruji mahali ambapo hana uhakika wa miaka mitano? Nyumba ya udongo haikuwa ujinga. Mtu alijenga kulingana na karatasi aliyopewa.

Uhuru ulipokuja mambo yalibadilika upesi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na nyumba za udongo za Magomeni na sehemu nyingine zikavunjwa, zikajengwa za saruji na mabati. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa, wote tukawa wapangaji wa Taifa kwa muda maalumu. Halafu ikaja Februari 1967, Azimio la Arusha, na miiko ya viongozi. Mmoja wa miiko hiyo ulisema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha.

Hapa lazima nimtaje Bibi Titi Mohamed. Kila mtu anaijua barabara yenye jina lake, lakini si kila mtu anajua kwamba nyumba ilikuwa sehemu ya habari zake. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akaingia TANU miaka ya 1950, na ndiye aliyewakusanya akina mama wa mji huu, wauza maandazi, wapika pombe, waimbaji wa vikundi vya ngoma na wenye nyumba, wakanunua kadi za chama kabla waume zao hawajathubutu. Azimio lilipotoka alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubali sharti lile, akaiachia nafasi yake katika uongozi wa juu wa TANU. Yaliyompata baadaye, kesi ya uhaini, kifungo, na msamaha wa mwaka 1972, ni habari nyingine na ndefu. Alifariki mwaka 2000.

Watu wamebishana sana kama alikosea au alikuwa sawa. Lengo la Azimio lilikuwa kuwazuia wakubwa wasiwe makabaila, na lilikuwa lengo jema. Lakini naona waliouandika mwiko ule walimfikiria mwanamume mwenye mshahara wa Serikali na majumba matatu. Kwa mwanamke wa mji huu nyumba ya kupangisha haikuwa ziada juu ya mshahara. Ilikuwa ndiyo mshahara. Tofauti hiyo haikuandikwa mahali popote. Mwiko wenyewe ulilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na leo viongozi wanapangisha bila mtu kushangaa.

Mwaka 1971 zilipita sheria mbili. Ya kwanza kila mtu aliizungumza: mwezi Aprili Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Majengo mengi yaliyotwaliwa yalikuwa ya wenzetu wa asili ya Kiasia kule mjini. Nyumba ya udongo ya vyumba sita haikufikia bei hiyo, ikapona.

Sheria ya pili haikupigiwa kelele, na kwetu ilikuwa na uzito zaidi. Ni Sheria ya Ndoa. Ilisema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Ilisema nyumba wanamoishi mume na mke haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na ilisema ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kuigawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja.

Lakini juhudi ni nini? Hapo majaji waligawanyika. Wengine walisema juhudi ni pesa. Wengine walisema hata kupika, kufua na kulea ni juhudi, kwa kuwa mume asingeweza kujenga kama mke asingekuwa nyumbani. Mwaka 1983 shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu lilifika Mahakama ya Rufani, na mahakama ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika nyumba ile, kwa sababu za hesabu ya pesa alizowahi kupewa na mumewe kwa maendeleo ya familia. Lakini kanuni ikabaki, na maelfu ya wanawake wameingia mahakamani wakiwa wameishika mkononi. Ni ajabu kidogo. Mtu anashindwa kesi yake, anawashindia wenzake wote.

Miaka saba baadaye, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua shauri la Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake alishtaki kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na mauzo yakasimama. Kisha zikaja Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinazosema wazi kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Basi mtu atasema, sheria ziko, kelele za nini? Kelele ni za mjane. Mwaka 1963 ziliandikwa kanuni za sheria za kimila kwa makabila mengi ya Bara. Humo mmeandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Maneno matamu, lakini hayana paa. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo mahakamani, na safari yao ikawafikisha kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zilivunjwa. Sisi wa Dar es Salaam tusidhani hayo ni ya mbali. Mji huu ni wa watu wa kila kabila, na shemeji anaweza kushuka kwenye basi Jumamosi akiwa na kanuni za nyumbani kwao mfukoni.

Wapangaji

Nimekaa sana mahakamani, turudi uani.

Mwenye nyumba wa vyumba sita haishi na vyumba, anaishi na watu. Mpangaji mwema ni ndugu. Wengi wetu tuliuguziwa watoto na wapangaji, na wengine tuliolewa na wapangaji. Lakini mpangaji mbaya hana dawa ya duka. Kuna anayelipa miezi mitatu kisha anapotea na funguo. Kuna anayeingia peke yake, na baada ya mwezi chumba kina watu saba, choo ndicho kinachokueleza. Kuna wanaogombana kwa ajili ya umeme: mita moja, vyumba sita, huyu ana jokofu, yule ana taa moja tu na redio, na kila mmoja anajiona anawalipia wengine. Mwaka 2021 Serikali ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, kwa kuanzia shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida kabla haijapandishwa, ugomvi ulipata kuni mpya. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Nyumba zenye amani zilikata kiasi hicho kwenye pango. Nyumba zisizo na amani zilifika serikali ya mtaa.

Kwa haki nisiwasahau waliokaa upande wa pili, maana baadhi yetu humu chamani ni wapangaji mpaka leo. Zamani sheria ilidhibiti kodi za nyumba, na kulikuwa na baraza la kuamua kama mpangaji aondolewe au la. Wenye nyumba waliilalamikia, wakisema kodi iliyopangwa haitoshi hata kununua bati. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mwenye nyumba anaweza kudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mama anayeuza samaki atapata wapi kodi ya mwaka mzima? Fedha nyingi zilizokopwa kwetu kwa jina la dharura zilikuwa kodi ya chumba. Sanduku moja linamsaidia mwenye nyumba kununua bati na mpangaji kumlipa mwenye nyumba. Wakati mwingine hao wawili wanakaa benchi moja kwenye mkutano wa Jumapili, na mkutano unakwisha salama.

Nyumba ya urithi

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inaniwia nzito. Pita mtaa wowote wa zamani, Magomeni, Ilala, Temeke, utaona nyumba ambayo paa limebonyea katikati, lipu imebanduka, mlango wa mbele umefungwa kwa waya. Uliza, utaambiwa: ni ya urithi.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumuni, yaani fungu moja kati ya manane. Yanayobaki yanagawanywa kwa watoto, mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Hesabu inakaa vizuri kabisa: mjane fungu moja, mabinti fungu moja moja, wana mafungu mawili mawili, jumla manane. Lakini nyumba ina vyumba sita. Nani atagawa ukumbi? Nani atapewa fungu la choo?

Kwa hiyo haigawanywi. Mjane anabaki ndani na binti mmoja aliyeachika. Kodi ya vyumba vingine inachukuliwa na kaka mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi. Mabati yakitoboka, kaka anasema wanaoishi humo watengeneze. Wanaoishi humo wanasema anayekula kodi atengeneze. Walioko mbali wanasema nyumba iuzwe. Mjane anasema mwisho wa maneno: mimi nitakwenda wapi? Nyumba inanyeshewa ikisikiliza. Halafu anakuja dalali na habari ya mtu anayetaka kiwanja ajenge ghorofa, na bei inayotajwa inawatia watu kizunguzungu. Kariakoo nyumba nyingi za Kiswahili zimekwenda hivyo, na familia zake leo ziko Mbagala, Chanika, Kivule.

Simlaumu anayeuza. Pesa ya haki ikigawanywa kwa haki, kila mtu anaweza kuanza upya. Ninachokilaumu ni ukimya. Katika nyumba nyingi nilizozijua, hati au ofa ya kiwanja bado ina jina la mtu aliyekufa miaka ishirini iliyopita. Mirathi haikufunguliwa, kwa kuwa kuifungua kunaonekana kama kumtakia marehemu afe mara ya pili, au kama mjane ana tamaa. Wakati huo huo ni yule mjane anayelipia kodi ya ardhi, anayemwita fundi, anayetapisha choo, na stakabadhi zote zinatoka kwa jina la marehemu.

Wengine wetu hatuna hata hiyo ofa. Tumenunua kwa karatasi ya mauziano, shahidi akiwa mjumbe wa nyumba kumi, kwenye maeneo ambayo hayakupimwa. Serikali imejaribu. Miaka ya 1970 kulikuwa na miradi ya viwanja vya Sinza na Kijitonyama na uboreshaji wa Manzese. Ilikuwepo pia Benki ya Nyumba, iliyoanza mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995. Kuanzia mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000, kisha leseni za makazi, kisha urasimishaji. Kila mpango uliwafikia wengine na kuwaacha wengine. Nimeziona karatasi za mauziano za wanachama wetu kadhaa, kwa ridhaa yao, nilipokuwa naandika makala hii. Pesa ilitoka kwa mama, upatu wake, mikopo yake ya chama. Jina la mnunuzi ni la baba. Nilipouliza, jibu lilikuwa moja: siku ile yeye ndiye aliyekwenda kwa mjumbe, mimi nilikuwa sokoni.

Mwaka huu kamati ya mikopo ilipokea ombi ambalo halikuwa na mfano katika daftari letu. Mwanachama mmoja, mjane, alitaka kukopa fedha za nauli ya wazee wa ukoo waje kwenye kikao, za cheti cha kifo, za Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na za kubadilisha jina kwenye karatasi za nyumba. Kamati ilikaa jioni nzima. Kanuni zetu zinataja biashara, elimu, ugonjwa, na ujenzi au matengenezo ya nyumba. Hakuna mahali palipoandikwa mirathi. Mmoja alisema mkopo huu hauzalishi. Mwingine akasema nyumba ya mwenzetu ina vyumba vinne vya kupangisha, na shemeji zake wameshaleta mnunuzi mara mbili. Kigiza kilipoingia taa ikawashwa, mweka hazina akahesabu noti juu ya meza, na katibu akafungua daftari akaandika mkopo ule kwenye safu ya matengenezo ya nyumba.